Leo Tumepewa Nini? Mhadhara juu ya Desturi za Kila Siku katika Maisha ya Mkristo

(Mhadhara huu ulitolewa Mbeya mbele ya walimu, wanachuo na wazee wa kanisa. Umechapwa karibu kama ulivyosemwa.)

   

Mwenyekiti amenipa dakika hamsini, halafu maswali. Mimi ni mwalimu mstaafu, miaka yote nimefundisha vipindi vya dakika arobaini, kwa hiyo mkiniona natupia jicho saa ya ukutani, msidhani nimechoka nanyi. Ni mwili tu unasubiri kengele.

Nimeombwa nizungumze juu ya mambo ya kila siku yanayomshikilia Mkristo katika imani yake. Nia yangu ni kuwaonyesha kwamba imani ya mtu wa kawaida huishi kwa kipimo kidogo cha kila siku, chenye saa yake na mahali pake, na chenye watu wa kukishiriki. Tumezoea kutegemea siku kubwa: mkesha, kongamano, mkutano wa Injili wenye maspika yanayotikisa mabati ya jirani. Sizipingi siku hizo. Mimi mwenyewe niliokokea uwanjani. Lakini nimeishi vya kutosha kuona watu wanaorudi kutoka uwanjani Jumapili usiku wakiwa moto, na kufika Alhamisi wakiwa hawana hata la kumwambia Mungu. Nina hoja nne. Ya kwanza nitaikalia. Ya mwisho ni fupi, ila ndiyo iliyonitoa nyumbani na mvua hii.

Kabla ya hoja, niondoe jiwe moja njiani. Nikisema “mazoea ya kiroho” kuna mtu atakunja uso, na ana haki. Katika Kiswahili chetu mazoea yana sifa mbaya. Tunasema mazoea yana taabu. Mtu “amelizoea kanisa” maana yake halimshtui tena. Mhubiri akitaka kutuchapa hutuambia tunaomba kwa mazoea. Na Bwana mwenyewe alionya juu ya kupayuka-payuka. Basi leo nitatumia neno jingine, desturi, kwa sababu ndilo neno la Biblia yetu ya Union. Luka anapoeleza jinsi Yesu alivyoingia sinagogi la Nazareti siku ya sabato, neno ni hilo. Tena katika sura ya 22, usiku wa kukamatwa, anapotoka kwenda Mlima wa Mizeituni, neno ni lilelile. Usiku mzito kuliko zote, miguu yake ilijua njia ya kwenda kuomba. Yohana anaongeza jambo ambalo hunikaba kila nikilisoma: Yuda alipafahamu mahali pale, kwa kuwa Yesu alikuwa akienda huko mara nyingi. Kwa hiyo desturi ndiyo iliyowapa maadui anwani yake, naye hakuiacha.

Hoja ya kwanza: kipimo cha leo

Nililelewa na bibi yangu, mzaa mama, upande wa Tukuyu, ambako mvua haina adabu, na asubuhi ya Juni unaiona pumzi yako mwenyewe kama moshi. Bibi hakuwa mtu wa kupoteza njiti za kiberiti. Usiku, baada ya kula, alichagua kigogo kimoja kizito, akakisogeza katikati ya mafiga, akakifukia kwa jivu mpaka huoni kitu. Mgeni akiingia jikoni usiku ule angedhani moto umekufa. Saa kumi na moja alfajiri alifukua kwa kijiti, akaweka majani makavu ya mgomba, akapuliza mara tatu nne, moto ukashika.

Wakati chai inachemka aliniita. Kwenye mkebe wa majani ya chai alihifadhi Biblia na kijitabu cha maneno ya siku, vyote vimefungwa kwa kipande cha khanga. Hakujua kusoma. Mimi nilikuwa darasa la tatu, kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa macho yake. Aliketi kwenye kigoda, akaniuliza kwa Kinyakyusa swali ambalo kwa Kiswahili ni hili: leo tumepewa nini?

Zingatieni lile “tumepewa”. Hakuuliza tusome nini, wala tuchague nini. Nilimsomea aya mbili, yeye akazirudia kwa sauti, mara mbili, akiniangalia kama ninazithibitisha. Halafu sala fupi, halafu chai. Dakika saba kwa makadirio yangu. Siku moja aya ilihusu mjane na mgeni. Akanyamaza kidogo. Kisha akaniambia nichukue kikapu, nimpelekee ndizi mama mmoja wa jirani ambaye walikuwa hawasalimiani tangu msimu uliopita, kwa ajili ya mpaka wa shamba. Nilipeleka. Yule mama alipokea bila neno. Baada ya siku mbili kikapu kilirudi, kina maharage. Mgogoro wa mpaka haukuisha, kusema kweli, lakini salamu zilirudi.

Nilipokuwa mtu mzima ndipo nilipojua kijitabu kile kilitoka wapi. Mnamo tarehe 3 Mei 1728, katika kijiji cha Herrnhut huko Saxony, Ujerumani, Zinzendorf, kiongozi wa jumuiya ya Wamoravian pale, aliwapa waumini wake neno moja la kubeba kesho yake. Likawa jambo la kila siku: ndugu mmoja alizunguka asubuhi katika nyumba zote za kijiji, nazo zilikuwa 32, akipeleka neno la siku na kuwajulia hali. Kwa mwaka 1731 maneno hayo yakachapwa kitabu, na tangu hapo hayajakosa mwaka. Hadi leo aya za Agano la Kale huchaguliwa kwa kura kutoka kwenye hazina ya aya zipatazo 1,800, kisha huongezewa aya ya Agano Jipya inayoendana nayo. Wamoravian walipofika Rungwe mwaka 1891 walikuja na desturi hiyo, na leo nchi yenye Wamoravian wengi kuliko zote duniani ni hii yetu. Bibi hakujua habari za Herrnhut. Lakini ile kura alikuwa ameielewa: kuna aya ambazo hungejichagulia kamwe, na ile ya mjane ilikuwa mojawapo.

Ndivyo ilivyokuwa mana jangwani. Katika Kutoka sura ya 16 watu waliokota ya siku ile tu, kila nyumba kwa kiasi cha walaji wake. Aliyelimbikiza alikuta mabuu asubuhi. Hata jina lenyewe ni swali. Walipoiona waliulizana ni nini hiki.

Sasa niwasimulie ya kwangu, ambayo hayana sifa. Mwaka mmoja nilitoka kwenye mkesha wa mwaka mpya nimeazimia kuimaliza Biblia nzima kwa mwaka. Nikapiga hesabu kama mwalimu wa hisabati niliyekuwa: sura 1,189 kugawa kwa siku 365, ni sura tatu na robo kwa siku. Nikachora jedwali kwa rula. Januari nilikwenda vizuri. Mwanzo ni hadithi, na Kutoka nayo inavuta mpaka unapofika kwenye vipimo vya mapazia. Februari mosi jedwali lilinifikisha Mambo ya Walawi sura ya 13, ukoma, na kesho yake ukungu wa kuta za nyumba. Wiki hiyohiyo tukaanza kusahihisha mitihani ya majaribio. Nikawa nyuma siku tatu, ambazo ni sura kumi. Nikawa nyuma siku kumi, ambazo ni sura thelathini na mbili. Deni likawa kubwa mpaka nikaanza kulikwepa jedwali lenyewe, kama mtu anavyolikwepa duka analodaiwa. Sikuigusa Biblia mpaka Pasaka. Wapo wanaoweza mpango ule na nawavulia kofia. Kwangu lilikuwa limbikizo, na nilikuta mabuu.

Hoja ya pili: saa na mahali

Vijana mtaniuliza: Mwalimu, kipimo kidogo tumekubali, mbona bado tunasahau? Mnasahau kwa sababu hamjakifunga popote. Mtu akisema “nitaomba nikipata nafasi”, ameshajibu.

Mwaka 2010 ulichapishwa utafiti wa Phillippa Lally na wenzake wa University College London. Waliwachukua watu 96, kila mmoja akajichagulia jambo moja dogo la kufanya kila siku baada ya tukio lilelile: kula tunda wakati wa chakula cha mchana, kwa mfano, au kukimbia kabla ya chakula cha jioni. Wakawafuatilia kwa wiki kumi na mbili. Wahamasishaji hutuambia tabia hujengwa kwa siku 21. Hawa walipata wastani wa siku 66, huku mwepesi akichukua 18 na mzito akikadiriwa kuhitaji 254. Na jambo jepesi, kama kunywa maji, lilishika haraka kuliko mazoezi ya viungo. Sitaki kuigeuza neema kuwa saikolojia. Roho hafungwi na wastani. Lakini mwili unaopiga magoti ni mwili uleule unaokula tunda.

Wazee wetu wa imani walilijua hilo bila takwimu. Danieli alikuwa na chumba cha juu, madirisha yaliyoelekea Yerusalemu, na nyakati tatu kwa siku. Hata amri ya mfalme ilipotoka hakubadili dirisha. Didake, kijitabu cha mafundisho cha kanisa la mwanzo, kinaagiza Sala ya Bwana isaliwe mara tatu kwa siku, na kufunga kuwe Jumatano na Ijumaa. Wabenediktini, waliofungua misheni za Peramiho mwaka 1898 na Ndanda mwaka 1906, wanafuata Kanuni inayopanga zaburi zote 150 zimalizike kila wiki, na inayomtaka mtawa aache alichoshika mara tu anaposikia ishara ya sala. Ambaye amelala Peramiho anajua: kengele ile haikuulizi umeamkaje. Waadventista wana lesoni yao iliyogawanywa kwa siku, ili wafike sabato wakiwa na kitu mkononi. Na ndugu zetu Waislamu, hapa hatuna la kuwafundisha. Tungekaa kimya tujifunze.

Lakini wengi wetu hatuishi Peramiho. Basi fungeni desturi yenu kwenye jambo ambalo tayari hamlikosi. Namfahamu dereva wa bodaboda ambaye haondoki kijiweni asubuhi mpaka amesema Zaburi ya 121, mkono juu ya tangi, injini haijawashwa. Aya nane; anazijua kwa moyo. Yeye ananiambia ufunguo wa pikipiki ndio unaomkumbusha. Mama lishe mmoja huomba wakati anachambua mchele, kwa kuwa mchele hauchambuliki mtu akiwa anashika simu. Muuguzi wa zamu ya usiku aliniambia yeye “asubuhi” yake ni saa nane mchana akiamka, na amechoka kuambiwa na wahubiri kwamba Mungu husikia zaidi alfajiri. Nakubaliana naye. Marko anamwonyesha Yesu akitoka alfajiri na mapema kwenda kuomba, ni kweli, lakini Injili hizohizo zinamwonyesha mlimani usiku kucha.

Nimeitaja simu. Nikiri hadharani. Kila asubuhi kwenye kundi letu la WhatsApp watu hutumiana aya zenye picha ya maua na jua linalochomoza. Kuna siku nilipokea moja, nikaifowadi kwa makundi matatu, nikajibiwa “Amina Mwalimu, umenibariki”, ndipo nikagundua sijaisoma mwenyewe. Siku hizi Biblia ya karatasi inalala juu ya simu, juu kabisa, ili nisiweze kuishika ile ya chini bila kuisogeza ile ya juu. Ujanja mdogo, lakini unafanya kazi siku nyingi.

Hoja ya tatu: watu

Nisingekumbuka swali la bibi kama angekuwa analijibu peke yake. Yeye alihitaji macho yangu, mimi nilihitaji tafsiri yake, na hapo ndipo ibada ilipopatikana.

Herrnhut kulekule, mwezi Agosti 1727, wanaume 24 na wanawake 24 waliahidiana kugawana saa za siku, kila mmoja saa yake ya maombi. Zamu ile ilidumu miaka mia moja. Hakuna mmoja wao aliyeomba saa ishirini na nne. Kila mtu alijua tu kwamba akimaliza kuna anayepokea. Karibu na kwetu, mwaka 1929, Mkristo Mganda Simeoni Nsibambi na daktari mmisionari Joe Church walikutana Namirembe, Kampala, wakakaa siku mbili wakisoma Biblia na kuomba. Uamsho uliofuata, uliowaka Gahini nchini Rwanda na kuingia Uganda, Kenya na Kagera, unakumbukwa kwa mikutano mikubwa. Waliouishi wanakumbuka zaidi vikundi vidogo, watu wakikutana na kutubu mbele ya wenzao kwa majina ya dhambi zao. Wenyewe walikuita kutembea nuruni. Kwa Wakatoliki, maaskofu wa Afrika Mashariki walipokutana Nairobi mwaka 1976 walikazia jumuiya ndogo ndogo, na wengi wenu Jumamosi alfajiri mnakaa kwenye sebule ya jirani, viatu mlangoni, kwa sababu hiyo.

Hapa lazima niseme na akina baba. Baadhi yetu tumeiharibu ibada ya jioni kwa kuigeuza baraza la kesi. Baba amekaa siku nzima na lake moyoni, anasubiri kufungua Biblia ndipo amseme mtoto aliyevunja glasi. Anachagua aya ya fimbo. Sala inakuwa taarifa ya makosa, inayosomwa kwa Mungu huku mhusika amefumba macho. Mtoto wa namna hiyo akienda chuoni, kitu cha kwanza anachokiacha ni ibada. Nimewafundisha watoto hao. Nawajua kwa jinsi wanavyokaa. Kesi isikilizwe kabla ya kula, glasi ilipwe au isamehewe, na ibada iwe wimbo mmoja, aya, na kila mtu aombe sentensi moja, hata wa miaka minne anayemwombea kuku.

Hoja ya nne: kurudi

Desturi yoyote itakatika. Wale watu wa utafiti wa London waliokosa siku moja hawakuharibu walichokuwa wanajenga. Waliendelea pale walipoachia. Mkristo anayekosa siku moja huona haya, haya inazaa siku ya pili, na ya tatu anakuwa mgeni wa Mungu.

Katika Kanuni ya Benedikto, sura ya 43 inahusu wanaochelewa sala. Nilidhani nitakuta adhabu tu, na adhabu zipo. Lakini kuna agizo dogo: zaburi ya kufungulia sala ya usiku isaliwe polepole, kwa kuvuta, ili aliyechelewa kuamka apate muda wa kuingia kabla haijaisha. Monasteri nzima inapunguza mwendo kwa ajili ya mtu mmoja anayetafuta kandambili gizani.

Mke wangu alipofariki, nilikaa miezi minne bila kufungua kitabu. Sikuwa nimemkana Mungu. Sikuwa na la kumwambia, na kila nilipouangalia ule mkebe wa bibi (niliurithi) niliona kiti kimoja ni kitupu. Mzee mwenzangu wa kanisa akaanza kuja asubuhi. Hakuniuliza naendeleaje na maombi. Alikuja na chupa ya chai kutoka kwake, akamimina vikombe viwili, akafungua kijitabu, akasoma aya za siku kwa sauti yake nzito isiyo na haraka, akanywa chai yake, akaondoka. Wiki ya kwanza sikusema hata Amina. Hakujali. Asubuhi moja, sikumbuki ni wiki ya ngapi, alisahau miwani yake nyumbani. Akanisogezea kitabu.

Nikasoma.

Mheshimiwa Mwenyekiti, dakika zangu zinakwisha. Mlangoni mlipewa kila mmoja kipande cha karatasi, na nimeona wengine wameshakitumia kufutia viatu. Waliobaki nacho waandike mambo matatu: saa, mahali, na jina la mtu mmoja wa kushirikiana naye. Msiniletee mimi, kiwekeni kwenye Biblia, au chini ya kava la simu. Siku 66 kuanzia kesho zitatufikisha miezi miwili na ushee. Nimewaomba wachungaji na mapadre waliopo tukutane tena wakati huo, si kwa mhadhara, ila vijana ndio watueleze nini kilishika na nini kilikatika, hasa kilichokatika. Walimu wa shule ya Jumapili nimewaomba jambo la ziada: wawape watoto kazi ya kuwasomea wazee wa mtaa ambao macho yamekwisha, dakika saba kabla ya kwenda shule. Wazee kumi na mmoja tayari wamekubali. Watoto tunao sita, kwa hiyo bado tunatafuta macho matano.

Nasubiri maswali. Naona mama wa mstari wa mbele ameshanyoosha mkono tangu nilipowataja akina baba.